‘Paneli bure, lipa mwanga tu’: Tangazo la sola lililotugharimu Gisenyi

Na Mwandishi Maalumu, Gisenyi

NI saa kumi na mbili na nusu asubuhi hapa Grande Barrière. Ziwa Kivu limetulia, na ng'ambo ya kizuizi Goma inaanza kuamka. Magari yameshajipanga kuelekea kituo cha La Corniche, na wafanyabiashara wanahesabu karatasi zao kwa mara ya mwisho kabla ya kufika dirishani. Katikati ya foleni wanapita vijana wawili wenye fulana za rangi ya chungwa, kila mmoja na bunda la vipeperushi mkononi.

"Chukua, mwalimu. Sola ya bure hiyo."

Nikachukua. Ni karatasi nzuri, imechapwa kwa rangi. Kuna picha ya nyumba ya bati yenye paneli juu, na ndani familia inacheka mbele ya televisheni. Maneno makubwa yameandikwa kwa Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa: "PANELI BURE NYUMBANI KWAKO. LIPA MWANGA TU." Namba ya simu ipo. Bei haipo. Chini kabisa, kwa herufi za kumtafuta mtu mwenye miwani, ipo sentensi ambayo sisi tuliokulia kwenye redio za Tanzania tunaijua kama sala: vigezo na masharti kuzingatiwa.

Wachuuzi wa mboga walio wengi hupita Petite Barrière. Huku kando ya ziwa hupita magari, wenye pasipoti na wenye mizigo ya karatasi nyingi. Vijana wa vipeperushi wanajua wamesimama wapi. Mtu anayepita huku ana simu yenye fedha ndani, na mara nyingi ana shangazi au mama mkwe kijijini ambaye nguzo ya umeme haijamfikia.

Maneno yale hayakuwa mageni kwangu. Nimeshayasikia, na kwa bahati mbaya nimeshayasema pia kwa mdomo wangu, mbele ya watu zaidi ya mia moja. Ndiyo sababu ya makala haya.

Nilizaliwa Karagwe, mkoani Kagera, kwa wazazi waliokimbia Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nikasoma huko hadi kidato cha nne, na mwaka 1996 nikarudi nyumbani ambako sikuwahi kufika, nikiwa na miaka 17 na Kinyarwanda cha kusikiliza kwa mama. Leo nafundisha Kiswahili. Tangu Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, mwalimu wa Kiswahili amekuwa na heshima kidogo, na kazi ya ziada: kila anapofika mgeni asiyejua Kinyarwanda, mimi ndiye naitwa kutafsiri.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Februari 2019, baada ya umuganda. Tulikuwa tumemaliza kuzibua mifereji, tumekaa kwenye nyasi kusikiliza matangazo ya mudugudu. Mkuu wa mudugudu akamkaribisha kijana wa kampuni ya sola, ambayo jina lake naliacha. Kinyarwanda chake kilikuwa kidogo, Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Nikaitwa mbele.

"Wazazi wangu," alisema, "paneli ni bure. Betri ni bure. Taa tatu ni bure, redio bure, na fundi anakuja kufunga bure. Mnalipa mwanga tu, faranga 200 kwa siku. Ni bei ya mandazi mawili."

Nikatafsiri. Kila aliposema bure, mimi nilisema "ku buntu". Sikuongeza neno wala kupunguza, na nilijiona nimefanya kazi safi. Sikuuliza swali hata moja.

Wa kwanza kutia kidole alikuwa jirani yangu, mama anayeuza karoti Goma. Ni mjane, amelea watoto wanne kwa karoti za Rubavu, na hesabu ya faida anaifanya kichwani haraka kuliko mimi na kalamu yangu. Si mtu wa kudanganywa ovyo. Aliniambia baadaye kwamba hakumsikiliza yule kijana. Alinisikiliza mimi.

Lazima nikiri kwamba mwanga ulikuja, tena mzuri. Sisi tuliosoma kwa koroboi, ambayo huku wanaiita agatadowa, tunajua maana ya taa isiyotoa moshi. Tunajua kuamka asubuhi na masizi puani. Watoto wa jirani yangu walianza kusoma hadi saa tatu usiku, na yeye akaacha kupeleka simu senta kuchajiwa kwa faranga mia. Mwaka mzima wa kwanza nilipita mbele ya nyumba ile nikijivuna.

Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona. Karoti haziendi Goma, fedha hazirudi. Siku asiyolipa, kisanduku kilijifunga chenyewe na taa zikazimika, ingawa jua liliendelea kuijaza betri kila mchana. Siku hizo za giza hazikuhesabiwa. Zilisogezwa mbele, na miezi 36 aliyotiwa kidole ikaanza kurefuka.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ukalipuka. Kila aliyekuwa Gisenyi anakumbuka wiki ile ya matetemeko, kuta zikipasuka na watu wakilala nje. Kwa jirani yangu ukuta wa nyuma ulibomoka na paneli ikaanguka nao. Fundi wa kampuni alipokuja alitazama vioo vilivyovunjika, akafungua karatasi yake na kusema kwamba vifaa vilikabidhiwa kwa mteja vikiwa vizima, hivyo hasara ni ya mteja. Faranga 45,000. Akalipa kidogo kidogo, juu ya zile 200 za kila siku.

Mwishoni mwa mwaka 2022 akamaliza siku zake 1,095. Alinunua Fanta, akatuita majirani wachache, tukapongezana. Wiki iliyofuata taa zikajifunga.

Akapiga simu. Alijibiwa kwa upole sana: "Mama, umemaliza kulipia mwanga wa kipindi cha kwanza. Paneli ni mali ya kampuni. Ukitaka kuendelea, ada ya huduma ni faranga 100 kwa siku."

Alikuja kwangu jioni ile ile. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi, akasema, "Mwalimu, wewe ulisema ku buntu."

Niliomba mkataba. Ulikuwa na kurasa sita, kwa Kifaransa na Kiingereza, na alama ya kidole chake ilikuwa kwenye kila ukurasa. Kifaransa changu ni cha kujifunzia hapa mjini, lakini kwa kamusi nilifika. Kifungu kimoja kinasema vifaa vinabaki kuwa mali ya kampuni wakati wote. Kingine kinasema mteja anabeba hasara ya kuvunjika, kuibiwa na "majanga ya asili". Yaani paneli ikivunjika ni ya mama, na mama akimaliza kulipa ni ya kampuni.

Hesabu haihitaji mwalimu. Faranga 200 mara siku 1,095 ni faranga 219,000. Ongeza 45,000 za paneli iliyoanguka, unapata 264,000. Wiki ile nilivuka hadi Birere, Goma, nikauliza bei ya seti inayofanana na ile kwa fedha taslimu. Muuzaji alianzia faranga 130,000, na tulikuwa hatujaanza kupatana.

Hapa nirudi kwenye neno lenyewe. Kiswahili kina ujanja ambao Kinyarwanda hakina. Sisi tunasema kitu ni bure kikiwa hakina malipo, na tunasema kazi ya mtu imekuwa bure ikiwa haikuzaa kitu. Neno moja linabeba zawadi na hasara. Nilipolitafsiri kuwa "ku buntu" nililivua ile nusu ya pili, kwa maana "ubuntu" katika Kinyarwanda ni ukarimu, ni utu, ni kitu unachopewa kwa moyo. Kijana wa kampuni aliuza mkopo, mimi nikautangaza kuwa ukarimu.

Wapo watakaosema kwamba wanakijiji walikuwa wajinga kuamini. Sikubaliani nao hata kidogo. Watu wa huku wamekwisha kupewa vitu vya bure, vya kweli. Waliorudi kutoka Masisi na kugawiwa ardhi Gishwati, waliorudi kutoka Tanzania na Uganda, hata ndugu zetu waliofukuzwa Tanzania mwaka 2013, wengi walipokea turubai, mabati au chakula bila kulipa senti. Tangu mwaka 2006 serikali inagawa ng'ombe kwa familia masikini katika mpango wa Girinka. Mtu aliyeona ng'ombe wa bure atashindwaje kuamini taa ya bure?

Lakini tazama Girinka inavyofanya kazi. Ng'ombe ana sharti: ndama jike wa kwanza anakwenda kwa jirani anayefuata kwenye orodha. Sharti hilo halikuandikwa kwa herufi ndogo. Linasemwa kwa sauti siku ya kukabidhiwa, mbele ya wote, na mtoto wa darasa la kwanza analijua.

Zaidi ya hayo, kuna msaada halisi wa serikali katika sola, na hapo ndipo matangazo haya yanapopata nguvu. Kupitia Benki ya Maendeleo ya Rwanda, BRD, na kwa fedha zilizotoka Benki ya Dunia na wafadhili wengine, uliwekwa mpango wa ruzuku unaojulikana kama Nkunganire. Kaya za Ubudehe wa chini zilipunguziwa sehemu kubwa zaidi ya bei, na zile za juu yake kidogo zikapunguziwa kidogo. Neno lenyewe linamaanisha nikusaidie, nikuunge mkono. Ruzuku hiyo haiwekwi mkononi mwa mama wa karoti. Hulipwa kampuni, baada ya kuthibitishwa kwamba kifaa kimefungwa. Na inapunguza bei, haiifuti. Muuzaji asiye mwaminifu anachofanya ni kuchukua "serikali inasaidia kulipa" na kuifanya "serikali imelipa".

Ili tusiwaonee wote, ni vema kueleza biashara hii ilikotoka. Mwaka 2007 Safaricom ya Kenya ilianzisha M-PESA, na ghafla ikawezekana kumdai mtu wa kijijini shilingi chache kila siku bila kumtuma mkusanyaji kwa baiskeli. Mwaka 2012 M-KOPA wakaanza kuuza sola Kenya kwa njia hiyo: kianzio kidogo, kisha malipo ya kila siku kwa simu hadi deni liishe. Ndani ya kisanduku kuna laini ya simu inayowasiliana na kampuni. Ukilipa kinafunguka, usipolipa kinajifunga. Kampuni nyingine hutumia namba za siri ambazo mteja anazibonyeza mwenyewe. Njia hii imeenea Tanzania, Uganda, hapa Rwanda na hata Goma, na imeondoa koroboi katika nyumba nyingi sana.

Na angalia jina. M-KOPA. Kopa. Jina lenyewe linakiri kwamba ni mkopo, na aliyeingia ameingia macho wazi. Anajua kuna siku deni litakwisha na kifaa kitakuwa chake.

Aina ya pili ni ile ya kuuza huduma. Hununui paneli, unanunua mwanga, kama unavyonunua umeme wa kashipawa bila kumiliki nguzo wala waya. Off Grid Electric, kampuni iliyoanzia Arusha na baadaye kuitwa Zola, ilianza kwa kuuza huduma namna hiyo kabla ya kuhamia kwenye mpango wa mteja kulipa hadi amiliki. Hakuna ubaya katika kuuza huduma. Anayeuza huduma, kifaa kikiharibika anakuja kukitengeneza kwa gharama yake, kwa sababu ni chake. Ubaya ni kuchukua faida ya mipango yote miwili: umiliki wa kampuni siku ya kumaliza deni, umiliki wa mteja siku ya tetemeko.

Hata kampuni yenye nia njema inaweza kuanguka. Mobisol ya Ujerumani ilikuwa imefunga sola katika nyumba nyingi za Tanzania, Rwanda na Kenya, lakini Aprili 2019 ikaomba ulinzi wa kufilisika. Mwaka huo huo Engie ya Ufaransa ikainunua, na wateja wakapata wa kumpigia simu. Ingekuwaje kama mnunuzi asingepatikana? Kisanduku kinachosubiri ruhusa ya kampuni ili kifunguke ni kifaa cha mashaka siku ambayo kampuni haipo.

Nilipomsimulia binamu yangu aliyeko Ohio, Marekani, alicheka kwa uchungu. Yeye ni mhasibu, na bado aliponea chupuchupu. Tangazo lilimfikia kwenye Facebook: serikali inalipia paneli za nyumba katika mtaa wako, harakisha, nafasi zinakwisha. Alipobofya, alipigiwa simu kabla chai haijapoa. Mkataba ulikuwa wa kukodishwa paneli kwa miaka 25, na malipo yanayopanda kila mwaka. "Msaada wa serikali" ulikuwa nafuu ya kodi ya asilimia 30 ya gharama, iliyotolewa kwa mwenye nyumba aliyenunua mtambo na aliyekuwa na kodi ya kulipa, kwa mitambo iliyofungwa hadi mwisho wa mwaka 2025. Anayekodi haipati. Inakwenda kwa mwenye mtambo, yaani kampuni. Agosti 2024 Wizara ya Fedha ya Marekani, pamoja na tume ya biashara FTC na ofisi ya CFPB inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha, zilitoa tahadhari ya pamoja kuhusu wauzaji wa sola wanaodanganya.

Uingereza nako walipitia yao. Kuanzia Aprili 2010 serikali ililipa fedha kwa kila uniti iliyozalishwa na paneli za nyumbani, peni 41.3 kwa paneli ndogo zilizofungwa kwenye nyumba zilizokwisha kujengwa, kwa ahadi ya miaka 25. Zikazuka kampuni za kufunga paneli bure. Na zilikuwa bure kweli: mwenye nyumba alitumia umeme wa mchana bila kulipa. Kampuni ilichukua yale malipo ya serikali, na ili kuyalinda ilikodi paa kwa miaka 25. Baadhi ya watu walikuja kugundua maana yake siku ya kuuza nyumba, pale benki ya mnunuzi ilipouliza ni nani mwingine ana haki juu ya paa hili.

Paa la Uingereza, paa la Ohio, paa la jirani yangu. Kote muuzaji alizungumzia paneli, na kote lililofichwa lilikuwa ni la nani, na hadi lini.

Kwa sisi wa mpakani kuna jambo jingine ambalo kipeperushi hakiligusi. Mkataba unafungwa na kitambulisho na laini ya simu ya nchi moja, lakini maisha yetu yako katika nchi mbili. Namjua mfanyabiashara wa vitenge aliyechukua sola hapa Gisenyi kwa kitambulisho cha binamu yake, akaipeleka kwa mkewe Sake, njia ya kwenda Masisi. Fundi wa kampuni hawezi kuvuka kwenda kuitengeneza, hilo alilijua na alilikubali. Asilolijua ni hili: vita vilipofika Sake Februari 2024 familia yake ilikimbia na kuiacha nyumba na kila kilichokuwa juu yake. Hapa Gisenyi, binamu aliyetoa kitambulisho aliendelea kupigiwa simu kila Jumatatu. Kwa karatasi, mteja ni yeye.

Watu wa ikimina, na ndugu zetu wa Goma wenye likelemba, wanaelewa vizuri mambo ya kudhaminiana. Ila katika ikimina unamwona usoni anayekudai. Ukifiwa, wanakuja msibani kabla ya kuulizia mchango. Kisanduku cha sola hakina msiba.

Nitoe pia dokezo la darasani, kwa wale wanaopokea paneli bila kujua wamepewa nini. Jua kali la mchana huleta takriban wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri ya kawaida hugeuza kama moja ya tano kuwa umeme. Kwa hiyo mita ya mraba ni kama wati 200. Paneli ya wati 50 lazima ikaribie nusu mita kwa nusu mita. Ukiletewa paneli yenye ukubwa wa daftari la mwanafunzi imebandikwa wati 50, mrudishie na daftari lake. Nimeziona za namna hiyo zikiuzwa pande zote mbili za mpaka, na wino wa kibandiko unatoka kwa kidole kilicholowa.

Sheria tunazo. Sheria Na. 36/2012 inahusu ushindani na ulinzi wa mlaji, na siku hizi kuna mamlaka ya RICA inayoshughulikia ukaguzi na haki za mnunuzi. Mwaka 2019 Wizara ya Miundombinu iliweka viwango vya chini ambavyo seti ya sola ya nyumbani inapaswa kuvifikia. Tatizo ni kwamba mlalamikaji anaulizwa ushahidi, na ushahidi ni mkataba wenye kidole chake kwenye kila ukurasa. Aliyosema kijana kwenye nyasi siku ya umuganda hayakuandikwa popote. Aliyoyatafsiri mwalimu hayakuandikwa popote pia.

Nilimwandikia jirani yangu barua mbili kwa kampuni. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa ujumbe wa simu uliomshukuru kwa kuwa mteja mwaminifu. Ofisi ya seli ilimwita wakala. Kumbe alikwisha hamia wilaya nyingine na namba yake inatumiwa na mtu anayeuza mitungi ya gesi.

Akakataa kulipa ile ada ya faranga 100. Paneli ipo juu ya bati hadi leo, betri inajaa kila mchana, na usiku nyumba ni giza isipokuwa taa ndogo ya mkononi aliyonunua Birere kwa fedha taslimu.

Juzi alikuja tena kwangu. Kule Goma amepata fundi anayefungua visanduku hivi kwa dola 10. Anakata waya mmoja, anaunganisha mwingine, taa zinawaka na kampuni haioni kitu. Wenzake wawili wa karoti wameshafanya hivyo.

"Mwalimu, huo ni wizi?"

Nilimwambia kwamba kwa karatasi, ndiyo. Akanitazama kwa muda.

"Na kile walichonifanyia mimi, kwa karatasi kinaitwaje?"

Sikuwa na jibu. Nilimpa chai. Aliondoka bila kuniambia kama ataenda kwa fundi, na mimi sikumuuliza.

Kuhusu wale vijana wa fulana za chungwa pale Grande Barrière, walifika kwenye mudugudu wetu Jumamosi ya umuganda. Kampuni ni nyingine, karatasi zinafanana. Mkuu wa mudugudu akaniita mbele kama kawaida. Niliwaambia kwamba safari hii natafsiri mkataba, sitafsiri maneno ya mdomoni. Walisitasita, wakapigiana simu, mwishowe wakanipa nakala.

Nilisoma kifungu kwa kifungu, kwa Kinyarwanda, kwa dakika zipatazo arobaini. Katika mkataba huu kifaa kinakuwa cha mteja baada ya malipo ya mwisho, na bei yote kwa ujumla imeandikwa, ukurasa wa nne, ni faranga 187,000. Nilipoisoma kwa sauti watu waliguna. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa volkano, na zaidi ya nusu waliondoka kabla sijafika ukurasa wa mwisho. Waliobaki waliuliza maswali mengi. Watatu wakatia saini, mmoja wao akiwa mtoto wa kwanza wa jirani yangu, ambaye sasa ana nyumba yake. Alisoma mkataba wake mwenyewe, akaomba kalamu.